Posho ya Kocha Msaidizi

Miaka ile ya sabini hakuna mtu Kasulu nzima aliyeupenda mpira kuliko mimi, na hakuna aliyeucheza vibaya kuliko mimi. Niliwahi kupiga penalti ikatoka nje ya uwanja, ikavuka barabara, ikamuua kuku wa watu. Kuku huyo kila ninapomsimulia huongezeka ukubwa, na sasa anakaribia mbuni. Kwa hiyo timu ya chuo ilipoundwa nilipewa kazi inayonifaa, ukatibu wa kamati ya michezo, yaani kushika kalamu na kukaa mbali na mpira.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha kufundisha mabwana shamba, nje ya mji upande wa njia iendayo Kibondo. Mimi sikuwa mwanachuo. Nilikuwa mtunza stoo wa majembe, mbegu na magunia ya maharage. Jioni nikishafunga stoo niliingia darasa la watu wazima na daftari langu, na baada ya miaka minne ya kusinzia juu ya hesabu na historia nikapata cheti. Wenzangu walivitia vyeti vyao kwenye fremu. Mimi changu nilikitia mdomoni. Siku hizo ukiniuliza njia ya kwenda posta nilikujibu kwa hotuba, na ukifika posta imeshafungwa.

Timu ilikuwa na makocha wawili. Kocha mkuu alikuwa mkufunzi wa mifugo, mtu wa kaskazini, mpole, mwenye filimbi nzuri ya chuma. Chuo kilimpa posho ya ukocha, shilingi mia kwa mwezi, juu ya mshahara wake. Kwa posho hiyo alikuja uwanjani Jumatano na Jumamosi, akakunja mikono, akasema, "Pasi fupi, vijana, pasi fupi," akarudi kwa nguruwe wake. Simlaumu. Nguruwe walikuwa wengi na hawakuwa na msaidizi.

Timu ilikuwa na msaidizi. Alikuwa mtu wa Kibondo, mwenye umri kama wangu, mwembamba, magoti yametazamana kama watu wanaoteta. Mpira aliujulia Tanga, alikokwenda kukata mkonge akiwa kijana, akachezea timu ya shamba. Chuoni alikuwa kibarua wa msimu. Wakati wa kupanda na kuvuna alilipwa kwa siku, na miezi mingine hakuwa na kitu. Ukocha lakini haukuwa na msimu. Yeye ndiye aliyewaamsha vijana kukimbia alfajiri, aliyechora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, aliyeshona mpira ukipasuka, aliyekanda vifundo vya miguu kwa maji ya moto na chumvi. Malipo yake yalikuwa sahani moja ya ugali na maharage, wachezaji wakishamaliza kula.

Siku moja mchana alikuja stoo, akakaa juu ya gunia. Tukasalimiana ile salamu ndefu ya Kiha, ambayo hata mbuzi huulizwa hali yake. Kisha akaanza kufinyafinya kona ya gunia. Nikajua kuna jambo.

"Katibu," akasema mwishowe, "nakutuma."

"Nitume hata Ujiji kwa miguu."

"Si mbali hivyo. Kwenye kamati. Ukaniombee posho. Hamsini tu, nusu ya mwenye filimbi."

Akanieleza. Mwaka ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya kando ya barabara, na mkewe kule Kibondo alikuwa mjamzito, peke yake, akitakiwa kuanza kujenga upya. Angepata hamsini kila mwezi angepanga chumba Kasulu, akamleta mkewe, mtoto akazaliwa baba yake akiwapo. Asipopata, kulikuwa na gari la watu wa tumbaku lililokuwa likipita kuchukua vibarua wa kwenda upande wa Tabora. Mkataba wa miaka miwili.

"Kwa nini usiseme mwenyewe?" nikamtania. "Kamati haiumi."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali mbele ya mama mkwe. Nilistahili kutazamwa hivyo. Kwetu Buha, nchi yetu Waha, mtu mzima hajiombei. Ukitaka mke, ng'ombe au kipande cha shamba, unamtuma msemaji. Msemaji huanza kwa kukusifu, kwa muda mrefu, na wewe umekaa pale pale umeinamisha kichwa, huruhusiwi kufungua mdomo. Sifa zikiisha, msemaji hunyamaza. Hapo mwenye nyumba humwambia, "Haya, sema kilichokuleta." Ndipo ombi linatolewa. Kulitaja kabla hujaulizwa ni kumdhalilisha uliyemsemea, kama mtu aliyeingia nyumbani mwa watu akaenda moja kwa moja kufunua chungu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amempata msemaji ambaye hata mawe yakimsikia yanapiga goti.

Kamati ilikutana chumba cha maktaba, watu sita, mkuu wa chuo kwenye kiti cha mwenyekiti. Mkuu alikuwa mtu wa Pwani, mwenye Kiswahili kitamu hata akikukaripia unatamani akurudie. Msaidizi alikaa kwenye benchi la mlangoni, kofia gotini, macho chini, kama ilivyompasa. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mtu mnayemwona pale mlangoni si mtu, ni saa! Umande unauma kama siafu, jogoo bado anajinyoosha, yeye ameshawakimbiza vijana hadi ng'ambo ya mto na kurudi. Mpira ukipasuka anaushona. Uzi ukikosekana, Ndugu Mwenyekiti, huyu angechomoa mshipa wake mwenyewe akashonea!"

Wakacheka. Nikanoga. Winga wetu aliyeteguka mguu, ambaye msaidizi alimbeba mgongoni mwendo wa robo saa, nikasema alibebwa mwendo wa siku nzima, tena kwenye mvua ya mawe. Na cheko lilipozidi, nikafika mahali ambapo mpaka leo nikipakumbuka naona kama nimemeza kaa la moto.

"Na je, amewahi kulalamika? Hajawahi! Mpeni maji, mpeni upepo, atafundisha! Mpira kwake ndio ugali, na mboga yake ni ushindi wetu!"

Nikanyamaza. Kwa kanuni zetu nilikuwa nimefika mlangoni, nasubiri kukaribishwa. Nikamtazama mwenyekiti ili aseme, "Haya, sema kilichokuleta."

Lakini mwenyekiti hakuzaliwa Buha. Alisimama, machozi yanamlengalenga. "Ndugu wajumbe," akasema, "kila siku tunahubiri kujitolea. Leo tumemwona anayejitolea. Mtu huyu tusimharibu kwa kitu chochote. Tumpe anachostahili, makofi!" Wakapiga makofi hadi vioo vikatetemeka. Kocha mkuu akapiga filimbi, ndani ya maktaba. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi, nikiwa bado nimesimama. "Na wewe, katibu, hayo masomo ya jioni yamekukomaza. Wenye digrii wakikusikia watajificha. Haya, ajenda inayofuata, nyavu za magoli."

Nikakaa.

Jambo hili nimelisimulia mara nyingi, na kila mara naliwekea kisababu. Mara nasema muda ulikwisha, mara nasema mvua ilipiga bati hatukusikilizana. Hakukuwa na mvua. Jua liliwaka. Ilitosha niseme, "Ndugu Mwenyekiti, bado sijamaliza," maneno manne, mimi niliyekuwa namwaga elfu kwa siku. Lakini nilikuwa nimesifiwa, na ladha ya sifa ilikuwa bado ulimini, na ombi la shilingi hamsini lingeimwaga yote. Kwa hiyo nilikaa, nikaandika: nyavu mbili.

Nje alinisubiri karibu na tangi la maji.

"Hukusema," akaniambia.

"Nilikuwa naelekea huko."

"Kwa kupitia Bujumbura?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Umewaambia nashiba upepo," akasema. "Sasa nikienda mwenyewe kuomba ugali, si nitaonekana nimekufanya mwongo?"

"Mkutano ujao nitalisema la kwanza kabisa, kabla hawajakaa."

"Mkutano ujao ni lini?"

"Mwezi ujao."

"Gari la tumbaku linapita Alhamisi ijayo."

"Basi nitamwandikia mkuu barua. Kesho. Mwandiko huu unaujua."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akashukuru. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba alishukuru.

Barua niliianza mara tatu. Kila mara nilipofika kwenye neno hamsini niliona sura ya mkuu ikibadilika, nikaona ananitazama kama tapeli aliyepamba biashara kwa machozi ya watu. Jumatatu nikasema Jumanne. Jumanne mkuu alinikuta njiani, akaniita "msemaji wetu" mbele ya wakufunzi, nikatembea siku nzima miguu haigusi chini. Jumatano stoo ilipokea mbegu. Msaidizi hakuja kuniuliza. Kanuni ile ile ilimfunga, aliyetuma hamkumbushi msemaji. Alhamisi asubuhi nilisikia gari likipita barabarani, nikajiambia ni la mizigo. Uwanjani jioni vijana walikaa wamezunguka mpira uliopasuka, hakuna anayejua sindano iko wapi.

Yaliyofuata hata mimi sihitaji kuyaongezea. Tulifungwa nyumbani na shule ya msingi. Mechi ya pili sitataja mabao, ila golikipa aliumwa mgongo kwa kuinama kuokota mpira wavuni. Kocha mkuu akasema pasi fupi, pasi fupi, na pasi zikawa fupi kweli, hazikufika kwa mtu. Kamati ikaitwa haraka. Mwenyekiti akasema imedhihirika kwamba kazi ya msaidizi ni nzito na haiwezi kufanywa bure. Atafutwe mtu apewe posho. Shilingi ngapi? Mjumbe mmoja akasema, tuseme nusu ya kocha mkuu. Hamsini. Haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa.

Kisha wakanitazama mimi. Nilikuwa najua ratiba ya mazoezi, vijana walinizoea, na nilikuwa na mdomo.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema wamwandikie mwenyewe huko Tabora arudi. Nilisema nitajitahidi, Ndugu Mwenyekiti.

Miezi minne baadaye tulikwenda Kibondo kwa lori la chuo kucheza na timu ya pale. Nilikuwa na tambo zangu za kawaida njiani, lakini kwenye mfuko wa shati nilikuwa na posho ya mwezi ule, noti mbili za ishirini na moja ya kumi, nimezifunga kwenye leso. Nilikuwa nimekusudia kumpa mke wa rafiki yangu. Asubuhi kabla ya mchezo niliulizia, nikaonyeshwa nyumba katika kile kijiji kipya. Kuta zilikuwa zimekandikwa upande mmoja, upande mwingine fito tupu. Alinikaribisha kigoda. Mtoto wa kiume alikuwa mgongoni, ndani ya kitenge, amelala.

Mumewe alikuwa ametuma salamu mara moja, na shilingi kidogo, kwa mtu aliyerudi mgonjwa. Alisema hivyo bila kulalamika, akinimenyea ndizi. Kisha akauliza, "Shemeji, ile kazi yake ya mpira, nani anaifanya sasa?"

"Kuna mtu," nikasema.

"Wanamlipa?"

Nilizisikia zile noti kifuani kama zinapumua. Nikisema ndiyo, atajua kwamba mumewe naye angelipwa, kwamba ukuta ule ungekuwa umekandikwa au usingehitajika kabisa. Nikasema, "Hawamlipi. Sahani ya chakula tu, kama ilivyokuwa kwa mumeo."

Akashusha pumzi. "Basi alifanya vizuri kwenda. Mimi nilikuwa nawaza labda angevumilia kidogo. Kila siku nawaza hivyo." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha maharage. "Mpelekee huyo anayefanya kazi bure. Ana mke?"

"Hana," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Maskini. Mwambie apike na mawese."

Hela ningeweza kumpa hata hivyo, nikasema ni mshahara wangu wa stoo. Kwa mtu wa mdomo kama wangu ule ulikuwa uongo mdogo sana. Lakini mkono haukupanda mfukoni. Nilipokea kikapu, nikaaga, nikashuka uwanjani.

Tulishinda mbili bila. Vijana waliimba kwenye lori njia nzima, wakanitaka niwasimulie kitu, nikasema koo linauma. Maharage yalikuwa ya njano, yale yanayoiva upesi. Niliyala siku nne, peke yangu, na mpaka leo sijamwambia mtu yalikotoka.