Siku Nne za Kungoja Lori

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa chakula cha msaada alinikabidhi rejista ya kaya na peni nyekundu. "Asiyeitika jina lake siku ya mgao, mpige mstari," aliniambia. "Ukimwonea mmoja huruma, kesho utaletewa visingizio na mtaa mzima." Kaya, kwa nyinyi mnaoanza kazi hii, ni watu wanaokula kutoka sufuria moja, hata kama hawana undugu. Niliipenda sheria ile. Nilikuwa mkali, nikidhani ukali ndio uaminifu.

Nilianzia upande wa Komarock, kisha nikahamishiwa Kiamaiko, nyuma ya soko la mbuzi. Mgao ulikuwa unga, maharagwe na mafuta, mara moja kwa mwezi. Kazi ngumu ilikuwa uhakiki, yaani kuingia nyumbani kwa mtu saa ya chakula cha mchana kuona kama kuna kinachopikwa. Nilifunua sufuria za watu wazima mbele ya watoto wao. Sioni fahari kulisema.

Mwaka wangu wa mwisho, fedha za serikali zilikwama. Mratibu wa wakati huo alinipigia simu asubuhi ya mgao, uwanja ukiwa umejaa watu.

"Pesa haijatoka, lakini usiwaambie. Sema lori liko njiani. Hatutaki fujo."

Nikasema liko njiani. Siku ya pili nikasema tena. Kila injini iliponguruma barabarani, niliinamia rejista.

Siku ya tatu alinijia Mama Zainabu, mjane wa watoto wanne aliyefulia watu nguo Eastleigh.

"Madam, niambie tu ukweli. Leo nimeitwa kazi, na nisipoenda yule mama atachukua mtu mwingine. Lori inakuja ama haiji?"

Nilijua haliji. "Ngoja kidogo, mama," nikasema.

Akangoja. Wote walingoja, kwa kuogopa mstari wa peni yangu nyekundu. Kila siku waliyosubiri unga wangu walikosa kibarua ambacho kingewapa cha kupika, na mimi ndiye niliyewafunga pale. Sijajisamehe hadi leo.

Siku ya nne nilishindwa kuvumilia. Nikapanda ngazi za ukumbi uliopakana na uwanja nikapaaza sauti: "Hakuna lori! Serikali haijatoa pesa. Nendeni mkatafute kazi!"

Hakuna aliyesogea. Nikarudia hadi sauti ikapotea.

"Anatujaribu huyu," mzee mmoja akawaambia wenzake. "Ukitoka tu, jina lako limeenda."

Nikashuka, nikamshika Mama Zainabu mkono. "Nenda, mama. Naapa jina lako halitoki."

"Kazi ilienda jana, Madam," akanijibu bila hasira. "Sasa niende wapi?"

Nilistaafu miezi michache baadaye. Nikisikia redioni kwamba fedha za msaada zimechelewa tena, huzima redio na kuacha chakula mezani. Nyinyi mlioshika kazi hii sasa, semeni ukweli asubuhi ile ya kwanza, watu wakiwa bado wanaweza kuwaamini. Mimi niliusema siku ya nne, na nilipoondoka uwanjani jioni ile, foleni yote ilikuwa bado imesimama.