Wilkista Aitafuta Sauti ya Mwanawe

Ukitaka kumkasirisha Wilkista, mwambie ana bahati ya kukaa karibu na mwanawe. Karibu gani hiyo? Yeye yuko jikoni, katika nyumba ya wageni ya monasteri. Mwanawe yuko ng'ambo ya ukuta, na kati yao kuna mlango usiopitwa na mwanamke. Alipokuwa kwake Kabuchai angalau alijua kwamba Mukhisa hayupo. Huku juu ya Saboti yupo, na hapatikani.

Kazi aliiomba mwenyewe, tusimsingizie mtu. Padre Muturi, mtawa anayepokea wageni, alimwonya mapema: "Mama, wewe ni mzazi wa Bruda. Utaumia bure." Wilkista akamjibu kwamba ameshamzika mume na ameshalima miwa kwa jembe la mkono, kwa hiyo kuumia hakumtishi. Padre akacheka, akampa aproni.

Basi akayajua maisha ya watu wale. Wanaume wazima, wenye ndevu zao, wanaamshwa na kengele kabla jogoo hajawaza kuwika. Wanaimba zaburi, wanakamua ng'ombe, wanaimba tena, wanapalilia kabeji, wanaimba tena. Mezani wanakula kimya huku mmoja wao akiwasomea, na anayetaka chumvi anaonyesha kwa kidole.

"Ati hata ng'ombe wao wanaongea kuwashinda!" alisema Chepkirui, binti wa Mlima Elgon aliyepika naye. Wilkista alicheka pia, kwa kuwa ni kweli.

Mukhisa, ambaye humo ndani anaitwa Bruda Alberiki, alipewa kazi ya ng'ombe. Kila asubuhi alileta mkebe wa maziwa mpaka mlango wa jikoni. Saa hiyo bado ni ya ukimya, kwa hiyo aliuweka chini, akamwinamishia mama yake kichwa, akauchukua mkebe mtupu wa jana, akaenda zake. Mama alibaki akiviangalia visigino vya mwanawe vilivyopasuka kwa baridi. Hivi hawa watu hawana mafuta ya kujipaka? Alirudi kwenye sufuria na hasira zake, akakoroga uji kama anaupiga.

Siku moja uzalendo ulimshinda. Alipika mrenda vile Mukhisa alivyoupenda tangu utotoni, akaufunga kwenye bakuli pamoja na ugali, akaficha ndani ya ule mkebe mtupu. Kesho yake bakuli lilirudi limeoshwa likang'aa. Wilkista alikuwa bado anajichekea alipoingia Padre Muturi.

"Mama, mboga yako tamu sana. Tuliigawana wote, kila mtu kijiko kimoja."

"Wote?"

"Kwetu hakuna cha mtu mmoja, Mama."

Wilkista hakuficha tena kitu kwenye mkebe. Akabaki na jambo moja tu la kutafuta, nalo ni sauti.

Unajua, kule Kabuchai, kanisani, mwanzishaji wa nyimbo alikuwa ni yeye. Mukhisa alikua akiwa amesimama kando ya gauni lake. Mtoto alikuwa na sauti ya kupendeza, ila alikuwa na ila moja: akiachwa aanze peke yake, sauti ilimpotea. Hapo humgeukia mama yake kwa macho, naye mama, mdomo ukiwa umefungwa, humpa ile sauti chini chini, mm, kiasi cha kusikika na wawili. Mtoto huidaka, na wimbo ukaondoka.

Kwa hiyo alipokaa mara ya kwanza kwenye benchi la wageni, nyuma kabisa ya kanisa la watawa, alijisemea kwamba hata waimbe mia, wa kwake atamtambua. Wapi! Watu wale huimba utadhani wana koo moja. Alikaza masikio wiki nenda wiki rudi, asiambulie kitu. Padre Muturi alimweleza kwamba ndivyo wanavyofundishwa, kila mmoja amsikilize mwenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe, na anayesikika peke yake amekosea.

"Basi na hiyo mmeniibia," Wilkista akasema.

Lakini tumaini alikuwa nalo. Mukhisa alikuwa hajaweka nadhiri za daima, na mpaka siku hiyo angeweza kuvua kanzu akarudi nyumbani bila lawama. Kule Kabuchai simba yake ilikuwa bado imesimama, ile nyumba ndogo aliyojengewa alipotahiriwa. Kila likizo Wilkista alikwenda kuisiriba upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, mwanawe asije akarudi akakuta magofu. Majirani walimsema, nyumba isiyolaliwa ni ya mchwa, mama, achana nayo. Hawakuelewa. Mwana wa kiume alikuwa huyo mmoja, na jina alilobeba ni la babu yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sikukuu ya Mtakatifu Benedikto ilipokaribia, Mukhisa aliruhusiwa kukaa na mama yake sebuleni kwa wageni. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilinuka maziwa.

"Mayi, Jumamosi naweka nadhiri."

"Si najua. Kwani chakula cha hiyo sherehe kinapikwa na nani?"

Mukhisa akatabasamu, kisha akainama. "Kabla ya hapo lazima nisibaki na kitu. Ile simba, mpe Derrick." Derrick alikuwa mtoto wa baba yake mdogo.

Wilkista akadakia: "Na ukibadili mawazo?"

"Kuna mahali nitaimba peke yangu, Mayi. Mara tatu, kila mara juu zaidi, namwomba Bwana anipokee. Hiyo ndiyo naiogopa. Unanijua. Nikishindwa mbele yao wote, nitajua si mahali pangu. Nitarudi nyumbani."

Alipaswa kumwambia asiogope. Mama yeyote angesema hivyo. Yeye alinyamaza, maana moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi.

Jumamosi kanisa lilifurika watu wa Kitale na Bungoma. Wilkista alikaa benchi lake la nyuma, Chepkirui kando yake. Mukhisa akasimama katikati, mbele ya altare, akaimba.

Ee Mungu wangu, ile sauti! Ilikuwa imekomaa, nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka, lakini ilikuwa ile ile. Wilkista alilia bila haya. Watawa wakaitikia. Mukhisa akaimba mara ya pili, juu zaidi, wakaitikia tena.

Mara ya tatu alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya chini, iliyopotoka, akaiacha. Kanisa zima likatulia. Mukhisa hakumtazama Abate, mkuu wa monasteri. Aligeuza kichwa taratibu, akaangalia nyuma, kwenye benchi la wageni.

Wilkista alikuwa nayo. Sauti yenyewe, mahali pake hasa, ilikuwa kooni mwake inamngoja. Akinyamaza tu, basi. Simba imesiribwa, mrenda upo shambani, mwana anarudi. Na nani angemlaumu mtu kwa kunyamaza, katika nyumba ya watu wanaonyamaza?

Lakini yule pale mbele alikuwa mtoto wake, amepotea, na anamtazama yeye.

Akafunga mdomo, akampa. Mm. Chini chini.

Mukhisa akaidaka. Akapanda nayo mpaka juu kabisa, haikutetemeka, na watawa wakaitikia mara ya tatu. Kisha wakamvika joho jeupe, wakamkumbatia mmoja mmoja, naye akaenda akasimama mahali pake katika safu. Zaburi ikaanza.

Wilkista alifumba macho akaisaka sauti moja kati ya zile. Akaisaka hapa, akaisaka pale, asiipate.

"Ameingia," alimwambia Chepkirui. Akajifuta uso kwa leso, wakaenda jikoni kupakua chakula.