Jina la Nakhumicha

Peris aliuza maharagwe soko la Kitale, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani. Mteja akichokora gunia bila kununua, aliulizwa kama amekuja sokoni kununua au kuosha mikono. Hivyo ndivyo alivyokuwa kabla ndege haijapotea na binti yake. Nakhumicha alikuwa amemaliza chuo pale Kibabii, akapata kazi ya ualimu ng'ambo. Ndege iliruka, ikaonekana juu ya bahari, halafu haikuonekana tena. Hakikupatikana kipande, wala kiatu.

Tangu hapo Peris akawa mtaalamu wa ndege, yeye ambaye hajawahi kupanda hata moja. Jirani yake wa meza, Ngige muuza viazi, alimsomea kila kilichoandikwa kwenye simu. Wengine walisema rubani alizima mitambo kusudi. Wengine, moto ulizuka kwenye mizigo. Wengine, hewa iliisha, abiria wakalala, ndege ikajiendea yenyewe hadi mafuta yakakauka. Peris alizichambua habari hizo kama maharagwe, mbovu akitupa, akabakiza moja tu: ndege imetua kisiwa cha wanajeshi, na watu wamezuiliwa kwa siri.

"Lakini Mama Nakhumicha, hiyo nayo..." Ngige alianza siku moja.

"Hiyo nayo nini? Si ni wewe umenisomea?"

Ngige akarudi kwenye viazi vyake. Kuanzia siku hiyo alimsomea habari za kisiwa peke yake, na nyingine alikuwa akizitunga mwenyewe.

Kisha Fridah, mke wa Kevin, mwana wa Peris, akajifungua msichana huko Bungoma. Mtoto alilia asubuhi, akalia jioni, ziwa akalikataa. Daktari hakuona ugonjwa. Ikabidi aitwe Phelista, dada wa marehemu mume wa Peris, kwa maana kwao mtoto wa namna hiyo analilia jina. Hutajiwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na akitajwa wake, mtoto hunyamaza. Aliye hai hatajwi.

Phelista akataja nyanya zake, shangazi zake, hata wale waliosahaulika. Mtoto alizidi kulia. Majina yakaisha, na kila mtu chumbani alijua lililobaki.

"Mama Kevin," Phelista alisema polepole, "tumwite yule msichana wetu. Ita wewe."

"Ati mumwite? Nakhumicha hajakufa! Ako kisiwani."

"Mama, nisaidie," Fridah alisema, sauti imemkauka. "Huyu mtoto atanifia."

Peris akampokea mtoto. Moyoni alijua anachokitafuta: mtoto akiendelea kulia, basi binti yake yu hai, na hata Phelista atafunga mdomo. Ndiyo sababu alikubali. Akainama sikioni mwa mtoto.

"Nakhumicha."

Mtoto akanyamaza.

Phelista alianza kigelegele, akakikatiza alipouona uso wa Peris. Peris alimkodolea mtoto macho. Akamvua soksi moja, akamfinya kidole cha mguu.

"Lia," alimwambia, machozi yakimdondokea mtoto kifuani. "Lia, mama. Lia kidogo tu."

Mtoto alimtazama, akapiga mwayo, akalala.