Mnyama wa Mwiko Wetu

Mkeka wa mafunjo nilioununua Busisi umenyeshewa, na harufu yake hainiachi nikae. Nauhamisha huku na huku, sijui niuanike wapi.

Harufu hiyo niliipata mara ya kwanza kwenye boti, kando ya kisiwa cha hifadhi, nikiwa na baba. Alitaka kumwona nzohe, swala wa majimaji, mwiko wa ukoo wetu. Kwetu hakuna aliyewahi kuonja nyama yake, lakini baba hata kumwona hakuwahi. Tangu asubuhi alikuwa anasimama, anakaa, anasimama tena.

"Mzee, utatuzamisha!" alifoka mwendesha boti.

"Na wewe tulia," baba akanigeukia mimi, ambaye hata sikuwa nimejitikisa.

Mara mafunjo yakacheza. Nzohe alikuwa amezama majini, pua na macho tu nje, anatutazama. Baba, ambaye mtaa mzima ulimwamkia, akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo."

Mwendesha boti akaangua kicheko. Mimi nilimkazia macho yule mnyama, nikisubiri aitikie marahaba. Nilipomtazama baba, naye alikuwa bado anasubiri.