Programu ya slide ilikuwa inakufa kila mara, tukafuta picha za akina mama tukamwacha chef

Wakuu, salamu kutoka Baraka, huku Fizi, Sud-Kivu. Nitakayoyaandika hapa yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi hata punje. Kifaransa kikipenya humo ndani mnisamehe, ndivyo tunavyoongea huku.

Nina hasira. Nilisema nisubiri kwanza ipoe ndipo niandike, lakini naona haina mpango wa kupoa.

Mimi ni secrétaire wa chama kidogo cha akina mama wanaolima mihogo Lubondja. Kijiji chao hakina mashine ya kusaga. Mama anabeba mihogo mikavu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, anatembea mpaka kijiji kingine chenye mashine, anapanga foleni, halafu anaanza safari ya kurudi na unga. Mvua ikimkuta njiani, ule unga haufai tena. Hiyo ndiyo hali yenyewe.

Sasa wakaja bailleurs, yaani wafadhili. Wakasema wana mashine moja ya kusaga. Kila chama kije Fizi-Centre, kionyeshe kazi yake kwa slide, watachagua kimoja.

Nikakaa nikatengeneza slide zangu. Picha za mashamba. Picha za akina mama wakichimba mihogo, wakiimenya, wakiilowesha. Picha ya Mama Wabiwa, présidente wao, akiwa njiani na mzigo, uso umekunjamana kwa uzito. Ile picha peke yake ilitosha, wakuu. Anayeiangalia hahitaji maelezo.

Picha zote nilizihamishia kwenye laptop na kuzifuta kwenye simu, maana simu ilikuwa imejaa. Hilo mliweke akilini.

Kabla ya kwenda popote, kazi lazima ipite kwa Coordinateur. Huyu ndiye anayesimamia vyama vyetu vyote, na huku kwetu hakuna kitu kinachotoka bila chef, yaani mkubwa, kukiona. Alikaa na file yangu, akanirudishia kwenye flash akitabasamu.

"Secrétaire, nimeitengeneza kidogo. Sasa iko na heshima."

Nikaifungua. Kila slide, kila moja, pale pembeni juu, kuna video ya Coordinateur. Amevaa costume, suti kamili, anapunga mkono, na muziki kwa nyuma. Slide ya mihogo, anapunga. Slide ya njia mbovu, anapunga. Slide ya mama aliyeanguka na mzigo, jamaa bado anapunga tu.

Mtaniuliza kwa nini sikusema kitu. Wakuu, nyinyi mnaishi wapi? Huku mkutano wowote, hata wa kuzungumzia kisima, unaanza kwa kuwataja wakubwa mmoja mmoja mpaka watu wanasinzia. Kumwambia chef video yake haitakiwi ni sawa na kumwondoa kwenye kiti mbele za watu. Nikaichukua flash yangu nikatoka.

Basi, matatizo yakaanza.

Ukibonyeza kuonyesha, slide ya kwanza inakuja vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu, skrini inaganda, halafu ule ujumbe wa Kifaransa: a cessé de fonctionner. Programu imejifunga. Unafungua tena, inafika mbele kidogo au nyuma kidogo, inajifunga tena.

Nikaipeleka kwa fundi wetu hapa Baraka. Mji mzima unamwita Ingénieur, sijui alisomea wapi. Hakuigusa hata kidogo, akasema:

"Iyo ni virus, mama. Dawa yake ni kuformater tu."

Nikamwambia kuna vitu vyangu humo ndani. Akajibu si slide ziko kwenye flash, mambo mengine ni ya nini? Akaformater, yaani akafuta laptop nzima. Picha zangu zote za asili zikaenda. Zikabaki zile tu zilizokuwa ndani ya slide.

Akaweka programu upya. Tukafungua. Ikafa palepale.

Tukaazima laptop ya shule moja, mpya kabisa. Nayo ikafa. Mtu mwenye akili hapo anasema tatizo liko kwenye file. Ingénieur wetu akasema nini? "Sasa virus imeingia na kwa ile ya shule." Walimu wakatunyang'anya laptop yao kama tuna kipindupindu.

Nikafungua kwenye laptop yangu slide za mwaka uliopita zilizokuwa kwenye flash, zikapita zote bila kukwama. Nikamwonyesha. Akakuna kichwa, akasema kumbe file ni nzito, picha zipunguzwe.

Coordinateur alikuwa amekuja kuulizia kazi, amekaa pale pale. Akasema: "Toeni zile photo za bamama. Ziko mingi sana."

Tukaanza kufuta, wakuu.

Tukafuta shamba, ikafa. Tukafuta akina mama wakimenya, ikafa. Tukafuta foleni ya mashine, ikafa. Mwisho tukamfuta Mama Wabiwa na mzigo wake, na mkono huu huu ndio ulibonyeza. Ikapita! Tukashangilia. Ingénieur akapeana mkono na Coordinateur.

Kabla hatujaanza kufuta nilitaka niweke kopi ya ile yenye picha. Flash ilikuwa imejaa, na mnajua ilijazwa na nani. Nikasema basi niiweke kwenye laptop, chef akasema save, tusichelewe. Nikawa nasave juu ya ileile kila tulipofuta.

Tulikuwa watu watatu mbele ya ile skrini. Wote tulimwona anapunga mkono kwenye kila ukurasa. Hakuna aliyesema tujaribu kumtoa yeye, na mimi naapa wazo lenyewe halikunijia kabisa. Hicho ndicho kinaniuma mpaka leo.

Siku ikafika. Tukapanda moto, yaani pikipiki, kuelekea Fizi-Centre, laptop nimeifunga kifuani na kitenge. Akina mama wa Lubondja walikuwa wamefika mapema, wamevaa pagne za sare, vitenge vya rangi moja, wamekaa mstari wa nyuma.

Chama kilichotutangulia kilionyesha picha za kupendeza, watu wakapiga makofi. Ikawa zamu yetu. Slide ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, chwi, ikafa. Kumbe kule Baraka ilipita kwa bahati tu.

Nikaanza tena. Ikafa. Wageni wakaanza kuangalia simu zao. Coordinateur akainuka, akainyooshea laptop yangu kidole, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mutusamehe, hii machine ya bamama iko na shida."

Machine ya bamama! Damu ilinipanda, wakuu. Lakini hasira nyingine huwa zinafungua akili. Nikaongeza ukurasa mpya ndani ya file. Ukurasa mtupu. Hauna neno, hauna mhogo, hauna mama hata mmoja. Ulikuwa na chef tu pembeni juu, maana video yake ilikuwa imewekwa kwenye masque, ule ukurasa wa msingi ambao kila slide inaurithi.

Nikabonyeza uonyeshwe. Chef wa kwenye video akainua mkono apunge. Ikafa.

Ukumbi mzima uliona, projecteur ilikuwa inawaka. Nikafungua masque, nikamchagua, nikabonyeza supprimer, yaani futa.

"We, Secrétaire! Nani alikuambia utoe ile?"

"Ndiyo inaua file, Chef."

"Utanitoa mbele ya bageni?"

Nikaanza tangu mwanzo. Slide zikapita zote, laini, mpaka ya mwisho. Laptop ileile. Programu ileile.

Lakini zilikuwa zinaonyesha nini? Maneno. Kurasa nyeupe zenye maneno. Mahali picha zilipokuwa, palikuwa patupu.

Nikamaliza, mgeni mmoja akasema kwa upole kwamba maelezo ni mazuri, ila wenzetu waliotangulia wameonyesha wanachama wao, na kwetu hajaona hao akina mama.

Mama Wabiwa akasimama kule nyuma.

"Bamama tuko hapa. Sisi bote tumetembea tangu asubui. Munatafuta bamama gani tena?"

Mgeni akacheka kidogo, akasema anamaanisha kwenye présentation. Akaandika kitu. Mama Wabiwa akabaki amesimama, akiwaangalia, mpaka jirani yake akamvuta pagne akakaa.

Mashine ilienda kwa wale waliotangulia. Siwaonei wivu, nao wana njaa kama sisi. Coordinateur kaandika kwenye rapport yake: problème technique. Basi. Maneno mawili.

Nilichojifunza nawapa bure. Programu ikijifunga hovyo, usikimbilie kuformater. Jaribu file nyingine kwanza. Zote zikipita, ubaya uko ndani ya ile moja. Weka ukurasa mtupu uone kama unakufa, ukifa nenda kwenye masque. Na kopi weka kabla hujafuta chochote, hata kama mkubwa anakuharakisha.

Na la zaidi: ukitaka kujua kinachoua file, anza na kile ambacho kila mtu ndani ya chumba anaogopa kukigusa. Sisi tulianza na wale ambao hawakuwepo kujitetea.

Mafundi wa humu mnisahihishe kama nimekosea kwenye mambo ya video. Na wale mnaofanya kazi chini ya machef, semeni ukweli, nani kati yenu angekuwa amemfuta siku ile ya kwanza?

Jumamosi nimekutana na Mama Wabiwa sokoni Baraka. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama zile picha zao zinaweza kurudi, nikamwambia haziwezi. Akasema basi nije Lubondja niwapige picha tena, maana kazi ya kubeba bado wanayo.