Debe la Ute wa Kahawa

Nikisikia mtu akisema Kaleli alifukuzwa kwa uzembe, damu inanichemka. Nilikuwa pale Ruiru, mwaka 1956, nikiosha kahawa katika shamba la mzungu mmoja, na Kaleli alikuwa fundi wa pampu.

Julai hiyo maji yalikataa kupanda hadi kwenye miche iliyokuwa juu kilimani. Injini ilikuwa nzima, bomba halikuwa na tundu. Meneja hakutaka kusikia. Alimpa Kaleli mpaka Jumamosi: maji yafike au afungashe virago.

Alhamisi mfereji wetu wa kuoshea ulifurika, na ule ute wa kahawa, unaoteleza kama bamia, ukaingia kwenye shimo la pampu. Kule juu maji yakatoka kwa nguvu. Sisi tulishangaa tu. Kaleli alipiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba.

"Sikiliza, Mama Macharia," aliniambia. "Kila siku linanguruma. Leo limenyamaza."

Alinieleza kwamba maji ya kasi ndani ya bomba hayaendi sawa. Yanazunguka-zunguka na kugongana, nguvu ya injini inaishia humo. Akachota ute, akauvuta kati ya vidole ukarefuka kama uzi. Nyuzi kama hizo, alisema, ndizo zinazotuliza vurugu.

Ijumaa nilimletea debe, akauchuja ute kwa gunia, akaumimina kidogo kidogo. Nusu debe ilitosha. Miche ikanywa.

Jumamosi meneja alifika, akaliona debe, wala hakuinua macho kilimani.

"Wewe natia uchafu kwa pampu yangu," alisema.

"Bwana, twende juu uone," Kaleli alijibu.

Hakwenda. Alimwandikia barua ya kumfukuza: mzembe, mharibifu wa mashine. Hakuwa hata na haya. Barua hiyo ilimfungia Kaleli kila kiwanda cha Thika, na fundi wa akili kama ile akaishia kukata mkonge.

Bila ute maji yalikwama tena, na kufikia Jumatano miche ilikuwa imelala kwa kiu. Meneja akanijia mimi.

"Wewe nalileta debe. Natia ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: mwite Kaleli. Lakini nilikuwa na watoto watatu. Nikamwonyesha fundi mpya ile nusu debe, maji yakapanda, na meneja akanisifu mbele ya wafanyakazi wote kwa akili yangu. Nami nikasema, "Asante, bwana."