Programu Isiyoamkia Watu

Leo Mama ameigomea programu yangu kwa kukosa adabu.

Mwezi mzima nimehangaika kuchagua zana ya kuchorea madirisha na vitufe vya programu hiyo ya mauzo ya duka. Kompyuta ya Mama, kwenye duka la pembejeo Nkoaranga, ni ya Windows. Ya mdogo wangu Neema, anayesimamia tawi la Olasiti, ni ya Linux. Kati ya zana nilizojaribu, Java ilikuwa nzito. GTK ilipendeza kwa Neema, kwa Mama ikanuna. Qt ikakubali kote.

Nikajiona fundi!

Asubuhi nikaifungua mbele ya Mama. Akaitazama tu, mikono mapajani.

"Bonyeza basi, Mama."

"Imeanza kuniuliza bei ya mbolea. Imeniamkia?"

Nikadhani ni utani. Akainuka, akaenda kupanga mbegu za mahindi.

Jamani.

Nikakaa juu ya gunia, nikaongeza dirisha la kwanza: "Shikamoo." Chini yake kitufe kimoja: "Marahaba."

Mama akarudi, akavaa miwani, akabonyeza taratibu.

"Haya mwanangu, sasa tuuze."

Mchana nikamtumia Neema programu hiyohiyo, nikasahau kulitoa lile dirisha. Yaani mimi, kaka yake, nimemwamkia! Nikampigia haraka nikamwambia nalitoa.

"Usithubutu!" akafoka. "Mimi kitinda mimba, nani amewahi kuniamkia kwenye ukoo huu? Tangu uitume naifunga na kuifungua tu."

Nimeliacha.

Kwenu kitinda mimba ni nani? Hebu mwamkieni leo, halafu mniambie kafanyaje.